Sudan: Marais Watatu Chini, Jeshi Lile Lile Juu

Kuna kauli moja imenichosha masikio. Kila umma unapomng'oa mtawala aliyekaa miaka nenda rudi, halafu mambo yakaenda kombo, hakosekani mtu wa kusema: "Mnaona? Watu wale hawajakomaa kwa demokrasia." Ilisemwa kuhusu Misri baada ya 2013. Ilisemwa kuhusu Tunisia baada ya 2021. Kuhusu Sudan ndiyo usiseme. Nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia kwenye chumba cha habari, na nimeisikia kwa wasomi wenye shahada zao mbili mbili.

Mimi siikubali. Na sababu zangu sizitoi kwenye nadharia, nazitoa kwenye historia ya Sudan yenyewe, nchi ambayo wananchi wake wameng'oa utawala wa kijeshi kwa mikono mitupu si mara moja, bali mara tatu: 1964, 1985 na 2019. Watu walioingia barabarani mara tatu ndani ya miaka 55 kudai serikali ya kiraia, unawaambiaje hawajakomaa? Tatizo liko kwingine. Twende taratibu.

Sudan ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956. Haikufika hata miaka mitatu, Novemba 1958 Jenerali Ibrahim Abboud akachukua nchi. Vyama vikafungwa, na kusini mwa nchi vita vikazidi kuwaka. Tarehe 21 Oktoba 1964 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walikusanyika kujadili suala hilo hilo la Kusini. Serikali haikutaka mjadala. Polisi wakaingia chuoni, wakafyatua risasi, na mwanafunzi Ahmed al-Qurashi akauawa. Mazishi yake yakageuka maandamano, maandamano yakageuka mgomo. Wanasheria, madaktari, walimu, wafanyakazi wa reli, wote waliweka kazi chini. Kabla Novemba haijaisha Abboud alikuwa ameachia madaraka.

Ukitaka kujua hayo yalikuwa zamani kiasi gani, kumbuka kwamba siku zile zile huku kwetu Jamhuri ya Muungano ilikuwa ndiyo kwanza inapewa jina la Tanzania. Bara lilikuwa bado linajifunza kuandika katiba, na Wasudan walikuwa wameshamuondoa jenerali kwa mgomo wa nchi nzima.

Na walipata kitu. Wanawake walipata haki ya kupiga kura, na mwaka 1965 Fatima Ahmed Ibrahim akawa mwanamke wa kwanza kuingia bungeni. Serikali ya mpito ya Sirr al-Khatim al-Khalifa iliitisha Mkutano wa Meza ya Duara mwezi Machi 1965 kuzungumzia Kusini. Lakini mkutano ule haukuzaa suluhu, na uchaguzi ukafanyika huku sehemu kubwa ya Kusini haikupiga kura kwa sababu ya vita. Bunge lilipokaa, vyama vikubwa vya zamani vilirudi kwenye ugomvi wao wa siku zote. Mwishoni mwa 1965 wakakipiga marufuku Chama cha Kikomunisti na kuwatoa wabunge wake. Mahakama iliposema hatua ile ilikiuka katiba, serikali ikapuuza. Tarehe 25 Mei 1969 Kanali Jaafar Nimeiri akapindua, na si wengi waliojitokeza kulilia bunge lile.

Nimeiri alikaa miaka 16. Alianza na wakomunisti, akawanyonga viongozi wao mwaka 1971. Akafanya amani na Kusini mjini Addis Ababa mwaka 1972, kisha mwaka 1983 akaivunja mwenyewe, akatangaza sheria zake za Septemba, na vita vikarudi. Januari 1985 alimnyonga mzee Mahmoud Mohammed Taha, mwanazuoni wa zaidi ya miaka 70, kwa sababu ya mawazo yake. Miezi miwili baadaye bei ya mkate ikapanda, Nimeiri akapanda ndege kwenda Marekani, na Khartoum ikalipuka. Mgomo tena. Madaktari tena, wanasheria tena. Tarehe 6 Aprili 1985 waziri wake wa ulinzi, Jenerali Abdel Rahman Swar al-Dahab, akatangaza kwamba jeshi limeungana na wananchi. Nimeiri akaishia Cairo.

Swar al-Dahab anasifiwa mpaka leo, na anastahili, maana aliahidi mwaka mmoja na mwaka ulipokwisha akakabidhi. Ni majenerali wangapi unaowajua waliofanya hivyo? Lakini mwaka ule mmoja haukugusa mambo magumu. Sheria za Septemba zilibaki. Vita vya Kusini viliendelea, na uchaguzi wa Aprili 1986, kama ule wa 1965, uliacha majimbo mengi ya Kusini bila kura. Sadiq al-Mahdi akawa waziri mkuu, akaunda serikali ya mseto, ikavunjika, akaunda nyingine. Tarehe 30 Juni 1989, wakati hatimaye serikali ilikuwa inakaribia kukubali kuzisimamisha zile sheria ili iongee na John Garang, Brigedia Omar al-Bashir akapindua, nyuma yake akiwa Hassan al-Turabi na chama chake.

Sasa hapa ndipo nakuomba uangalie vizuri, msomaji wangu. Mara zote mbili, aliyemtoa mtawala mlangoni alikuwa mwananchi, lakini aliyeishia kuushika ufunguo alikuwa mwanajeshi. Maafisa walipima upepo. Walipoona askari wa chini hawatakubali kuua ndugu zao, walimtoa mkubwa wao kafara, kisha wakajitokeza kama wakombozi. Jeshi lenyewe halikuguswa: bajeti yake, majenerali wake, biashara zake, vita vyake.

Bashir aliliona hilo, na kwa kuwa aliingia kwa mlango huo, aliufunga kwa makufuli mengi. Hakulitegemea jeshi peke yake. Alijenga idara za usalama zenye askari wao, na huko Darfur kuanzia 2003 serikali yake iliwapa silaha wanamgambo wa Janjaweed. Mwaka 2013 wengi wao waliingizwa katika kikosi rasmi, Vikosi vya Msaada wa Haraka, chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kama Hemedti. Kikosi hicho kikawa na dhahabu yake na makampuni yake. Mantiki ilikuwa rahisi: wenye bunduki wakiwa wengi na wanatazamana kwa mashaka, hakuna hata mmoja atakayethubutu kukupindua. Ilimpa Bashir miaka 30. Bili yake wameletewa wananchi.

Desemba 2018 mkate ukapanda bei tena. Maandamano yaliyowaka Atbara, mji wa reli na wa vyama vya wafanyakazi tangu enzi za mkoloni, yakafika Khartoum. Tarehe 6 Aprili 2019 watu wakapiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi. Tarehe hiyo haikuwa ya bahati nasibu, ilikuwa kumbukumbu ya 1985. Siku tano baadaye Bashir akaondolewa. Wengi wetu katika kazi hii ya habari tulirushiana picha za yule binti aliyevaa nguo nyeupe akihutubia juu ya gari, tukaandika vichwa vya habari vikubwa. Ila Wasudan wenyewe walikuwa wamesoma historia yao. Hawakuondoka. Walimkataa Jenerali Awad Ibn Auf, akadumu takriban siku moja tu, na wakabaki pale pale kumtazama Abdel Fattah al-Burhan aliyefuata.

Tarehe 3 Juni 2019 kambi ile ilivunjwa kwa risasi. Kamati ya madaktari ilihesabu zaidi ya watu 100 waliouawa. Intaneti ikakatwa. Pamoja na hayo, tarehe 30 Juni umati mkubwa ukarudi barabarani, na jeshi likalazimika kukaa mezani. Mwezi Agosti ikasainiwa Hati ya Katiba: kipindi cha mpito cha miezi 39, Abdalla Hamdok waziri mkuu, na Baraza Kuu la watu 11 ambalo mwanajeshi angeliongoza kwa miezi 21 ya mwanzo. Mawaziri wa ulinzi na mambo ya ndani wangeteuliwa na wanajeshi.

Unaona kilichotokea? Safari hii walijaribu kurekebisha kosa la 1985. Walisema mwaka mmoja hautoshi, tupeane muda tuvunje mizizi ya utawala wa zamani kabla ya uchaguzi. Hoja nzuri. Lakini muda ni upanga wenye makali kuwili. Ukiwa mfupi, vyama vya zamani vinarudi na nchi ile ile. Ukiwa mrefu, mwenye bunduki anautumia kujipanga upya. Hamdok alipodai hadharani makampuni ya jeshi yawekwe chini ya wizara ya fedha, na ile kamati ya kuvunja utawala wa zamani ilipoanza kutaifisha mali, majenerali walielewa kwamba zamu yao inakaribia. Tarehe 25 Oktoba 2021 Burhan akapindua, na Hemedti alikuwa naye. Baadhi ya viongozi wa makundi ya Darfur, walioingia serikalini kwa mkataba wa amani wa Juba wa 2020, waliunga mkono wanajeshi badala ya raia wenzao.

Hesabu basi. Baada ya 1964, utawala wa kiraia ulidumu miaka minne na kitu. Baada ya 1985, miaka mitatu tangu uchaguzi. Baada ya 2019, ulikuwa ni ubia tu na jeshi, na ulidumu miaka miwili. Kisha tarehe 15 Aprili 2023 makufuli ya Bashir yakaanza kugombana yenyewe kwa yenyewe, Burhan na Hemedti, na zaidi ya watu milioni 10 wakayakimbia makazi yao. Oktoba 2025 mji wa El Fasher ulianguka baada ya kuzingirwa zaidi ya mwaka mmoja, na taarifa za mauaji zilizotoka huko sina haja ya kuzirudia.

Kwa hiyo demokrasia baada ya nguvu ya umma haina matumaini? Sijasema hivyo. Mali walimng'oa Moussa Traoré mwaka 1991 na wakapiga kura kwa miaka 20 kabla ya mapinduzi ya 2012. Ninachosema ni kwamba siku mtawala anapoanguka, tuache kuuliza kama watu wamekomaa. Tuulize maswali matatu. Nani ameshika bunduki, na anaamriwa na nani? Nani ameshika mkoba, na hesabu zake anakaguliwa na nani? Na ni nani hayupo mezani? Baada ya 1964 na 1985 sehemu kubwa ya Kusini haikupiga kura, na mwaka 2011 Kusini ikaondoka zake kabisa. Mwaka 2019 mtu wa Darfur aliyekuwa kambini hakuwepo, aliwakilishwa na wenye bunduki.

Kuna jambo moja safari hii ni jipya, na ndilo linalonifanya nisikate tamaa. Kamati za upinzani za mitaa, zile zilizopanga maandamano kuanzia 2019, vita vilipoanza wengi wa vijana wake waligeukia kupika. Walifungua majiko ya jamii, wakatafuta dawa, wakatoa watu kwenye mitaa iliyozingirwa, mahali ambapo serikali ilikuwa imekimbia. Hao wanajua ni nani amekula na nani hajala katika kila mtaa, wanagawana kazi, wanatoa hesabu kwa majirani zao. Mimi hiyo naiita serikali, tena kuliko nyingi nilizowahi kuziandikia habari.

Siku ya mazungumzo ya amani itafika, kama ilivyofika Machakos mwaka 2002 na Nairobi mwaka 2005. Macho ya kamera yatakuwa kwa majenerali wawili wakipeana mikono. Wewe angalia kama kuna kiti cha wale wapishi. Kisipokuwepo, Wasudan watalazimika kuingia barabarani mara ya nne, na tutasikia tena wakiambiwa hawajakomaa.