Windows 10 imefikia ukomo: je, kompyuta za Masasi na Newala zitupwe?

Tangu Oktoba 2025 swali hili limetufikia mara nyingi kwa ujumbe mfupi, na wengi wanaouliza ni wenye stesheneri, walimu na makarani. Kompyuta imeleta maandishi kwamba Windows 10 haihudumiwi tena. Fundi ameikagua, akasema haipokei Windows 11, kwa hiyo itafutwe nyingine. Kompyuta yenyewe inawaka, inachapa barua, inatoa nakala. Msikilizaji mmoja wa Newala alituandikia kwamba ya kwake ameinunua kwa fedha za korosho misimu miwili tu iliyopita, sasa anaambiwa imezeeka. Imezeekaje?

Kwanza tuelewane kuhusu mfumo endeshi. Huo ndio programu kubwa inayoamka unapobonyeza kitufe cha kuwasha, ikaamrisha kioo, kibodi, printa na programu nyingine zote. Mafundi wetu wakisema "nakupigia window", maana yake wanaweka mfumo endeshi upya. Windows ni mmojawapo tu, na mwenye nao ni kampuni ya Microsoft ya Marekani. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo ilisitisha kutoa marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, ikabakiza mpango wa ziada wa mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha. Kompyuta haikuzimwa siku ile. Kilichokoma ni kuziba matundu: kila udhaifu mpya utakaogunduliwa na wezi wa mtandaoni utabaki wazi.

Na kwa nini Windows 11 inazikataa? Inadai kifaa kidogo cha usalama ndani ya kompyuta kinachoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka kwa kawaida prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele, yaani zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2017. Sasa tazama kompyuta mpakato za mtumba zilizopangwa madukani Masasi mjini. Nyingi ni za kizazi cha 4, cha 5 na cha 6, zilizotumika maofisini Ulaya na kwingineko kabla ya kufika huku. Zina nguvu ya kutosha kwa kazi za stesheneri, ila haziingii kwenye orodha.

Hapo ndipo mifumo huria inapoingia. Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza kiini cha mfumo endeshi, akakiweka wazi. Kikaitwa Linux. Leseni yake inamruhusu mtu yeyote kukitumia, kukisoma, kukibadili na kukigawa. Na anayekigawa kikiwa kimebadilishwa anatakiwa kutoa na msimbo wake, asiufiche. Kutokana na kiini hicho watu mbalimbali wametengeneza mifumo kamili. Ubuntu ilitoka Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na sura yake haimpotezi mtu aliyezoea Windows: kitufe cha menyu kiko chini kushoto, mafaili yanafunguka vilevile.

Watanzania nao waliingia mapema kwenye jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu programu ilikuwa huria. Hapakuwa na wa kuombwa ruhusa.

Linux Mint inahitaji RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inayofaa kwa raha, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029. Ile kompyuta ya Newala inaingia humo bila shida.

Lakini tusiwape nusu ya habari. Hapa studio tulihamisha kompyuta moja ya zamani ya kuhariria sauti, na Audacity tunayoitumia ipo upande wa Linux vilevile, hivyo kazi haikusimama. Printa ndiyo iliyotutesa. Printa nyingi za HP hutambuliwa mara moja. Yetu haikuwa ya HP, na tulipoteza siku mbili kutafuta programu yake huku tukibeba karatasi kwenda kuchapa kwa jirani. Mwenye stesheneri hawezi kuzipoteza siku mbili wakati vijana wamepanga foleni na maombi ya kazi. Tena, Microsoft Office yenyewe haiwekwi kwenye Linux kwa njia ya kawaida. Utatumia LibreOffice, ambayo inafungua mafaili ya Word na Excel, ila barua yenye majedwali mengi inaweza kufunguka mistari imehama. Wanaotumia programu maalumu ya uhasibu waulize kwanza kama inaendeshwa kwa Linux. Kwa wanaofanya kazi zao ndani ya kivinjari, kama kuangalia matokeo ya NECTA, kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu au ya ajira serikalini, tofauti ni ndogo sana.

Uzuri ni kwamba unaweza kuijaribu kabla ya kuamua. Faili la Linux Mint lina ukubwa wa karibu GB 3. Litafute mahali penye intaneti isiyokula bando lako. Linaandikwa kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus, kisha kompyuta inawashwa kutoka kwenye flashi hiyo, mara nyingi kwa kubonyeza F12, F9 au Esc wakati inaamka. Mfumo utafunguka wote ukiwa kwenye flashi, diski yako haijaguswa. Chomeka printa uchape ukurasa mmoja, jaribu Wi-Fi na sauti. Vikikataa, zima, chomoa flashi, Windows yako ipo palepale.

Hatari iko kwenye hatua inayofuata. Ukiamua kuuweka na ukachagua kufuta diski, inafutwa kweli: picha, vyeti vilivyoskaniwa, wasifu wa wateja, vyote. Nakala ziwekwe kwenye diski nyingine kabla fundi hajagusa kitu, na uzifungue mwenyewe kuhakikisha zinafunguka. Usikubali neno "usijali, vitarudi".

Wasikilizaji wengine wameuliza kama dawa hii inafaa kwa simu. Hapa jibu letu ni gumu zaidi, maana Android nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux. Tecno, itel au Infinix iliyoko mfukoni mwako inaendeshwa na kazi ileile iliyoanzia Helsinki. Lakini simu si kama kompyuta. Kompyuta nyingi zinakuruhusu kuwasha mfumo mwingine. Simu hutoka kiwandani mlango wake ukiwa umefungwa, na programu za kuendesha kamera na mtandao wake anazo mtengenezaji. Ipo LineageOS, Android huria inayoongezea simu za zamani maisha, lakini simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa huku hazimo kwenye orodha yake. Kuilazimisha kunaweza kuiua simu kabisa.

Mfano ulio karibu ni kitochi chenye WhatsApp. Simu za KaiOS, mfumo uliotokana na Firefox OS ya Mozilla, zilipoingia Tanzania mwaka 2019 zilipendwa na wazazi wetu: vitufe vya kubonyeza, chaji inakaa, bei ndogo. Katikati ya 2024 WhatsApp ikaondolewa kwa watumiaji wapya wa simu hizo, na mapema 2025 ikakoma hata kwa waliokuwa nayo. Sehemu ya msimbo wa KaiOS ni huria, na haikusaidia kitu, kwa sababu WhatsApp si huria na mwenyewe ameamua kuondoka. Android za zamani nazo zilikutwa na hilo: tangu 24 Oktoba 2023 WhatsApp iliacha zilizo chini ya toleo la 5.0.

Kwa hiyo anayenunua simu afungue mipangilio asome toleo la Android na tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Boksi jipya linaweza kuwa na simu yenye mfumo wa miaka mingi iliyopita. Android Go imetengenezwa kwa simu zenye RAM ndogo, na kuanzia Android 13 inataka angalau GB 2. Kisha abonyeze *#06# na kutuma namba ya IMEI inayotokea kwenda 15090, huduma ya TCRA, kuona kama jina la simu linalorudi ni lile lililoandikwa kwenye boksi. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na wapo walionunua kwa fedha za korosho wakabaki na tochi.

Kwa kompyuta ya mtumba, muulize muuzaji ni kizazi cha ngapi, RAM kiasi gani, na diski ni SSD au ya kuzunguka. Sisi tungechagua ya kizazi cha 6 yenye RAM ya GB 8 na SSD kuliko mpya ya bei ileile yenye GB 4. Mwombe pia akuruhusu kuwasha flashi yako ya Linux palepale mezani kwake. Inachukua dakika tano, na ukiona kibodi, Wi-Fi na spika vinaitika, unajua unacholipia.