Deni la Nyumba, si la Mtu: Mikopo ya PACE ya Kuboresha Matumizi ya Nishati Majumbani, California, 2008–2020

Insha hii inachunguza jaribio moja la kuwawezesha wenye nyumba kugharamia maboresho ya matumizi ya nishati: mpango uliojulikana kwa kifupi kama PACE, ulioanzia mji wa Berkeley, jimboni California, Marekani. Kuporomoka kwake aghalabu huelezwa kwa udanganyifu wa wakandarasi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba udanganyifu ulipata nafasi kwa sababu muundo wenyewe ulipima nyumba badala ya mkopaji.

Tatizo lililokusudiwa kutatuliwa lilikuwa la kweli. Anayetaka kuziba mianya ya joto darini, kubadili madirisha au kufunga paneli za sola hulipa gharama yote mwanzoni, ilhali nafuu ya bili humjia kidogo kidogo kwa miaka mingi. Huenda akahama kabla fedha zake hazijarudi, mnunuzi akafaidi asichokigharamia. Mkopo wa kawaida wa benki haukuondoa kikwazo hiki, kwa kuwa humfuata mtu aliyeuchukua.

Cisco DeVries, msaidizi mkuu wa Meya Tom Bates, alipata jibu katika desturi ya zamani ya serikali za mitaa. Wakazi waliotaka nyaya za umeme za mtaa wao zifukiwe ardhini waliweza kukubali tozo maalumu juu ya kodi ya majengo. DeVries akaona utaratibu huohuo ungefaa kwa nyumba mojamoja. Mwaka 2008 Berkeley ilianza majaribio: mwenye nyumba alipewa fedha za sola, akazirejesha kwa miaka 20 kupitia bili ya kodi; akiuza, tozo ilibaki na nyumba. Mwaka huohuo sheria ya jimbo, AB 811, ilizifungulia njia serikali nyingine za mitaa, na Kaunti ya Sonoma ikaanzisha mpango wake mwaka 2009.

Methali yetu kwamba dawa ya deni ni kulipa huchukulia kuwa deni lina mtu. Hapa deni lilikuwa na nyumba, na tofauti hiyo si ya maneno tu. Kwa kuwa lilihesabiwa kama kodi, malimbikizo yake yalitangulia rehani: nyumba ikipigwa mnada, yangelipwa kabla ya benki. Watetezi walijibu, kwa haki, kwamba kilichotangulia ni malimbikizo tu, si salio zima. Hata hivyo, Mei 2010 Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika yanayonunua sehemu kubwa ya rehani za Marekani, yalitoa onyo, na tarehe 6 Julai wakala wa shirikisho unaoyasimamia ukataka mipango hiyo isimamishwe. California na Sonoma zilikwenda mahakamani; mwaka 2013 mahakama ya rufaa iliupa wakala ushindi.

Mipango mingi ya nyumba za makazi ilisimama, lakini si yote. Mwishoni mwa 2011 serikali za mitaa za magharibi mwa Riverside zilizindua mpango wa HERO, ulioendeshwa na kampuni binafsi ya Renovate America. Mwaka 2013 jimbo likatenga dola milioni 10 za kufidia wakopeshaji wa rehani watakaopata hasara. Inafaa kutambua nani alilindwa kwanza: mfuko wa kumkinga mwenye rehani ulitangulia kanuni za kumkinga mwenye nyumba.

Kustahili kulitegemea thamani ya nyumba iliyozidi rehani na rekodi ya kulipa kodi. Kipato hakikupewa uzito. Mkandarasi aliyebisha hodi ndiye aliyekuwa pia mlango wa mkopo, na saini ilitiwa papo hapo kwenye kompyuta ya mkononi. Mzee mwenye pensheni ndogo, katika nyumba aliyoinunua miongo mingi nyuma, alikuwa mteja bora kwa vigezo hivyo, ingawa ndiye aliyekuwa na uwezo mdogo wa kulipa. Aliyelipa kodi pamoja na rehani aliona malipo ya kila mwezi yakipanda ghafla. Aliyeilipa mwenyewe alingoja bili ya kodi imshtue. Kushindwa kulipa kulihatarisha nyumba yenyewe.

Sheria za California za 2017 ziliwalazimu waendeshaji kupima kipato cha mwombaji, na mikopo ikapungua. Mei 2020 Kaunti ya Los Angeles ilifunga mpango wake ikikiri kuwa kinga kwa wateja hazikutosha, na Desemba Renovate America ikaomba hifadhi ya kufilisika. Tozo zilizokwisha kuandikishwa hazikufutwa. Ziliendelea kudaiwa katika bili za kodi za nyumba zilezile.