Mkaja wa Mama

Wanawake wanaokuja kwangu kufanya mazoezi ya tumbo na mgongo baada ya kujifungua, wengi huja wameshavaa mkanda: ule wa mpira, wenye kulabu mbele, unaouzwa kwa ahadi ya kurudisha kiuno. Nikiwaambia wauvue hunitazama kama nimewakosea adabu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Tanga, na bibi mzaa mama alikuwa mkunga wa jadi. Mambo ya kufunga tumbo niliyakuta nyumbani kabla sijayakuta chuoni.

Bibi naye alifunga, ila mkaja wake ulikuwa kitambaa kirefu cha pamba kisichovutika. Mzazi alilazwa chali, magoti juu, akakandwa kwanza kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. (Ya moto kweli, wapo waliobabuka, na aliyepasuliwa hapaswi kabisa kukandwa hivyo juu ya kidonda.) Kufunga kulianzia chini, kwenye nyonga, kukapanda kuelekea mbavuni, na kila mzunguko ulikazwa mzazi anapotoa pumzi. Anayeanzia juu, bibi akisema, anakisukumia kizazi uzito. Hapo sina ubishi naye: misuli ya chini ya nyonga bado imelegea, haitaki kushindiliwa. Fundo lilikaa ubavuni, maana mzazi lazima alale.

Nguo zenyewe zilitoka mbali. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, merikebu za Salem, Massachusetts, zilishusha Unguja marobota ya pamba isiyopaushwa, na merikani ikaenea pwani na bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikaibana biashara hiyo, nguo za India zikapata nafasi. Mwishoni mwa karne ile ikaja kanga. Bibi alipenda kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika.

Desturi yenyewe imo maandishini zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo, ni mmoja wa walioandika habari zilizomo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, chenye mambo ya mimba na uzazi na ya arusi pia. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inautaja mkaja mara mbili: nguo afungwayo mwanamke aliyezaa, na zawadi ambayo bwana arusi humpa mama wa bibi arusi.

Je, mkaja wa kufunga ulirudisha umbo? Mimba huiachanisha misuli miwili ya mbele ya tumbo, na kwa wanawake wengi husogeleana yenyewe katika wiki za mwanzo. Mkaja ulishikilia tumbo na mgongo wakati huo, mama akaweza kuinuka na kunyonyesha bila kujihisi amekatika katikati. Sifa nyingine zote, kwa maoni yangu, ni za ile arobaini, siku arobaini za mapumziko ya mzazi. Siku hizo mzazi hakuchota maji wala hakuinama kufagia. Mama yake, shangazi na jirani walimpikia uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku, wakamfulia nepi. Ukitoka arobaini, kinu kilikuwa kinakungoja. Anayetwanga vizuri hatumii mikono peke yake: tumbo hukazika mchi unaposhuka, mgongo unanyooka unapopanda. Mimi leo nafundisha karibu kitu hichohicho juu ya mkeka: toa pumzi, vuta kitovu ndani, inua kiuno, shusha taratibu.

Mteja wangu wa mkanda wa mpira amefunga tumbo akaacha arobaini. Anarudi kazini mapema, anabeba ndoo na mtoto, halafu ananiuliza mbona kiuno hakirudi.

Na ule mkaja wa pili, wa zawadi, katika posa siku hizi unaandikwa kwenye orodha kama fedha, chini ya mahari, pamoja na kilemba cha baba na blanketi la bibi. Mshenga akifika mstari huo huanza kuomba upunguzwe, kwa kuwa anauona ni nyongeza tu. Mimi nikiwamo kikaoni huwaambia wajomba wapunguze kilemba kwanza.