Ziwa Victoria: nani afunge mlango?

Hapa Uholanzi ukiingia duka la samaki utakuta minofu imeandikwa victoriabaars. Huyo ndo sangara wetu wa Mwanza, Kisumu na Entebbe. Baada ya kipindi kilichopita wengi mliuliza: samaki anavuka bahari na kuuzwa kwa yuro, mbona mvuvi wa kule bado anahangaika? Jibu la haraka ni madalali na viwanda. Lina ukweli wake, lakini shida yenyewe ni ya zamani kuliko viwanda.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, soko likafunguka. Mwaka 1905 zikaja nyavu za kutega kutoka Ulaya. Kabla ya hapo watu walivua kwa mitego, ndoana na makokoro ya mafunjo. Nyavu mpya zilinasa ngege wengi, kila mtu akazitaka, na baada ya miaka michache kila wavu ukawa unatoa samaki wachache zaidi. Serikali ya kikoloni ikamtuma Michael Graham kufanya utafiti mwaka 1927 na 1928. Alishauri mambo mawili: tundu la wavu lisipungue inchi 5, na ziwa lote liwe chini ya mamlaka moja. Idara ya pamoja ilikuja 1947, na sheria ya inchi 5 ikaanza kuondolewa miaka ya 1950. Nyavu za matundu madogo zikaingia, ngege akaporomoka.

Miaka hiyo hiyo, 1954, mchumi wa Kanada H. Scott Gordon aliandika kwa nini wavuvi wengi hubaki maskini hata penye samaki wengi. Hoja yake ni rahisi. Mtumbwi ukipata faida, jirani naye ananunua mtumbwi. Wataendelea kuingia hadi faida iishe, kwa sababu hakuna anayelipia kuingia. Na mvuvi anayemwacha samaki mdogo leo hamwekei mwanawe, anamwekea jirani.

Sasa angalia sangara. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akatapakaa miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Viwanda vikajengwa, minofu ikaja Ulaya, na akina mama wa kule wakabaki kukaanga mapanki. Baadaye hata mabondo yakapata bei kubwa China. Ila kila bei ilipopanda, mitumbwi na injini ziliongezeka. Yaani pesa ya Ulaya haikumtoa mvuvi kwenye mtego wa Gordon, ilimwongezea wenzake ndani yake.

Basi mlango ufungwe? Umeshafungwa kwa nguvu. Uganda iliingiza jeshi ziwani mwaka 2017, na mwaka uliofuata Tanzania ikaendesha Operesheni Sangara. Nyavu haramu zilichomwa, na wavuvi wakalalamika kupigwa na kutozwa faini wasizozimudu. Mimi naamini ziwa lisilo na mipaka ya uvuvi linakufa. Lakini mwenye mtaji hununua nyavu halali kesho yake. Mwenye wavu mmoja wa kulisha nyumba ndo anayebaki nje. Kanuni ikimwangukia yeye tu, kijiji kitaiona ni ya wengine, na usiku watu watavua kama kawaida.

Ndo maana vikundi vya usimamizi wa mialo, BMU, vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, vina uzito kuliko tunavyowapa. Mtu huheshimu zaidi mlango aliosaidia kuuweka. Ila vikundi hivyo vinahitaji pesa, na haki ya kweli ya kuamua idadi ya mitumbwi, badala ya kuandikisha majina tu.

Mkipiga simu nyumbani wiki hii, msiwaulize wazee walivua samaki wangapi. Waulizeni wavu mmoja ulitoa wangapi walipokuwa vijana, na nani alikuwa na haki ya kumwambia mtu asivue. Tutumieni majibu kwa sauti, tutayaweka kwenye kipindi kijacho.