Gumba na Shahada: Mwanagenzi Mbele ya "Masanga"

Ziko nyimbo ambazo mwanagenzi huzipenda kabla hajaujua uzito wake. "Masanga" ya Mwenda Jean-Bosco ni mojawapo. Hugh Tracey aliirekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa Katanga ambao siku hizi waitwa Likasi. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani kwamba wapigaji ni wawili, mmoja ameshika sauti nene za chini na mwenziwe anacheza juu yake. Kumbe mtu ni mmoja, gita ni moja tena halina umeme, na vidole vinavyodonoa nyuzi ni viwili tu, gumba na shahada.

Msomaji wa visiwani huenda akauliza, Katanga na sisi wapi na wapi? Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa Wayeke, watu ambao asili yao ni Unyamwezi na Usumbwa. Katika karne ya 19, chini ya Msiri, Bunkeya ilikuwa soko kubwa la shaba na pembe za ndovu, na njia zake zilifika pwani ya Bahari ya Hindi kama zilivyofika ile ya Atlantiki. Msiri aliuawa mwaka 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, nao wapagazi wengi wa msafara ule waliandikwa kazi hapa Zanzibar. Kiswahili kilichopita katika njia hizo kilikuja kukua migodini, baada ya kampuni ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906 na watu wa makabila mengi kukusanyika katika kambi zake. Ndicho alichoimbia Mwenda. Si Kiswahili cha Mji Mkongwe wala cha Lamu, lakini sikio la pwani halikitupi.

Sasa tuutazame ugumu wenyewe. Gumba hushika nyuzi nene na kwenda kwa mwendo wake, kama mtwangaji asiyekatisha pigo. Shahada hucheza juu, mara ikiangukia pamoja na gumba, mara ikichomoza katikati ya mapigo mawili. Uzuri wote umo katika kule kupishana, na balaa la mwanagenzi limo papo hapo. Shahada inapochelewa, gumba nalo husita kuingoja. Gumba linaposita, wimbo huvunjika kama ubeti uliopungua mizani.

Aghalabu mwanagenzi huanza na kile ambacho sikio limekipenda, yaani ile sauti nyembamba ya juu, kisha akajaribu kuitilia gumba baadaye. Njia hiyo haimfikishi mbali, kwa sababu shahada imekwisha kuzoea kwenda peke yake. Inampasa aanze na gumba tupu, alipige hadi liende bila ya kuangaliwa, hata aweze kuzungumza na mtu huku linaendelea. Baada ya hapo aitie shahada kwa noti moja, kisha mbili, polepole mno. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kwa bahati njema, jina la bwana mwenyewe limo ndani ya methali hiyo.

Lakini ni nani aliyekuwa akiwaambia haya wanagenzi wa miaka ya 1950? Wengi wao mwalimu wao alikuwa santuri. Sahani ile ilikuwa na dakika tatu hivi kila upande, na aliyetaka kujifunza alirudisha sindano, akasikiliza, akajaribu, akairudisha tena. Akipunguza kasi ya sahani ili avisikie vidole, sauti ilishuka na nyuzi zake mwenyewe zikawa hazipatani nayo. Kila mara sindano iliporudi, sahani nayo ilizidi kulika. Santuri ilimpa wimbo uliokwisha kukamilika. Vipande vyake ilimwachia avitafute mwenyewe.

Walioweza kumwona mpigaji kwa macho walikuwa na bahati zaidi. Mwaka 1959 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akasikika redioni, na Edouard Masengo, naye wa Katanga, alifanya kazi katika mji huohuo. Magharibi ya Kenya, wapigaji kama George Mukabi walikuwa wakikuza mtindo wao wenyewe wa kudonoa nyuzi.

Wataalamu nao walishika kalamu. Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa upigaji wa Mwenda, pamoja na noti zake. Ilikuwa kazi ya maana, maana macho yalipata kuona yale yaliyolichanganya sikio. Hata hivyo mwaka 1979 John Low, Mwingereza aliyekuwa mpiga gita mwenyewe, alifunga safari hadi Shaba, jina la Katanga wakati huo, akaketi na wakongwe wale, naye Mwenda akiwa miongoni mwao. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1982. Noti zilikuwako, sahani zilikuwako, na bado aliona haja ya kwenda kuutazama mkono.

Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Rekodi zake zapatikana leo kwa urahisi ambao mwenye santuri hakuuota, na mashine zaweza kupunguza kasi bila ya kushusha sauti. Lakini sanaa ya vidole haihifadhiwi na rekodi peke yake. Sisi wa pwani twalijua hilo kupitia gambusi, ambalo zamani lilikuwa chombo cha ngoma na nyimbo zetu, na sasa wanaoweza kulipiga ni wa kuhesabika. Chuo cha muziki kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002 kinafundisha udi na kanuni kwa sababu hiyohiyo: mwanafunzi akae mbele ya mwalimu, autazame mkono wake.

Kwa hivyo yule kijana anayerudia gumba tupu jioni nzima, hadi jirani wakachoka, asidhaniwe kuwa anapoteza wakati. Yumo katika kukipokea kitu ambacho kisipopata mikono ya kukipokea, kitabaki kusikika tu na hakitapigwa tena.