Mgeni Ataishia Wapi?

Mgeni wa Lamu ya karne ya 18 hakupiga hodi akiwa juani. Kabla ya kuufikia mlango wa nyumba ya mawe alipanda vidato viwili vitatu akaingia kwenye daka, kibaraza chenye viti vya mawe na chokaa kulia na kushoto. Hapo aliketi, akapangusa jasho, akasalimiana na mwenye nyumba, wakazungumza bei ya boriti au habari za jahazi lililochelewa. Wageni wengi shughuli yao iliishia hapo. Waliondoka bila kujua ndani kuna nini, na hakuna aliyejiona amedharauliwa.

Anayetaka kujua jinsi watu wa Pwani walivyopamba nyumba zao ni bora aanze na swali hilo la mgeni, kwa sababu karibu kila kitu, kuanzia mlango, benchi, kiti hadi sahani ya ukutani, kiliwekwa kwa kufikiria nani atafika wapi.

Aliyeruhusiwa kupita mlango alikutana na tekani, chumba kidogo cha kuingilia kilichojengwa kwa ujanja mmoja: njia yake inakata kona. Hata mlango ukiachwa wazi, jicho la mpita njia linagota ukutani. Baada ya tekani kulikuwa na kiwanda, ua wa ndani usio na paa, kisha misana miwili iliyofuatana, kisha chumba kinachoitwa ndani. Sakafu nayo ilipanda kidogo kila hatua, kwa hiyo anayeingia alipanda daraja kwa miguu na kwa heshima pia. Mfanyabiashara aliyekuja na upepo wa kaskazi na kulazimika kungoja kusi ili arudi kwao, pengine baada ya miezi kadhaa, hakulazwa huko. Alipewa sabule, chumba cha juu ambacho ngazi yake ilianzia karibu na mlango. Aliingia na kutoka apendavyo bila kukatiza kwa wanawake wa nyumba. Wajenzi wa leo wanaouza vyumba vya wageni vyenye mlango wa pembeni kama jambo jipya wangefaidika kwa kuitembelea nyumba ya makumbusho ya Waswahili pale Lamu.

Mlango wenyewe ulikuwa sifa ya Pwani muda mrefu kabla ya Sultani wa kwanza kuhamia Unguja. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliitaja Kilwa kuwa mji wa nyumba za mawe na chokaa zenye milango ya mbao iliyochongwa kwa ustadi. Zanzibar, mlango unaotajwa kuwa mkongwe kuliko yote una tarehe ya 1694. Lakini milango mingi ambayo watalii huipiga picha Mji Mkongwe ni ya karne ya 19, na fedha zilizoilipia zilitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Si vizuri kuusifia uchongaji ukasahau mikono iliyobeba mawe ya matumbawe na kuchuma karafuu.

Fundi aliutengeneza mlango kwa sehemu zinazojulikana: miimo miwili, kizingiti cha juu, mbao mbili zinazofunguka ndani, na katikati mfaa, ule mhimili unaoficha mahali mbao zinapokutana. Kizingiti ndicho kilichobeba maneno, mara nyingi aya ya Kurani, pengine na jina la mwenye nyumba au mwaka. Kwenye miimo ilichongwa minyororo, mawaridi, mayungiyungi na magamba ya samaki. Milango ya mtindo wa Kiarabu huwa na kizingiti cha mraba; ile iliyobeba ladha ya Kihindi, ambayo ilishamiri kuelekea mwisho wa karne ya 19, ina upinde juu. Vichwa vya shaba vilivyochongoka kwenye mbao za mlango vilikuja na ladha hiyohiyo ya India, ambako husemwa vilikusudiwa kuzuia tembo wa vita. Unguja haikuwa na tembo wa kuvunja mlango wa mtu. Shaba ilibaki kwa sababu inang'aa, na kwa sababu jirani alikuwa nayo.

Sultani Barghash wa Zanzibar alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, milango yake ilichongwa kwa kiwango ambacho hakuna tajiri wa mtaani angethubutu kushindana nacho. Jumba hilo lilistahimili mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, likaja kuporomoka sehemu yake Desemba 2020 likiwa katika ukarabati.

Nje ya milango hiyo daka la Lamu lilikuwa limechukua sura nyingine: baraza ndefu ya saruji au chokaa iliyoshikana na ukuta, ikifuata kichochoro. Hakuna samani ya Pwani iliyofanyishwa kazi nyingi kuliko hiyo. Asubuhi ni meza ya muuza mchicha. Mchana ni kitanda cha mchukuzi aliyechoka. Alasiri ni ubao wa bao na dhumna. Jioni muuza kahawa anatua dele lake hapo, vikombe vinagongana, kashata inapitishwa. Masika yakijaza maji kichochoroni, watu hutembea juu yake. Pale Jaws Corner, kwenye makutano ya njia ndani ya Mji Mkongwe, siasa za Zanzibar zimejadiliwa barazani kwa miaka mingi na watu wasiohitaji kadi ya mwaliko.

Kiti kilikuwa jambo jingine kabisa. Watu wengi waliketi chini, juu ya mkeka au jamvi, na mkeka ukikunjwa chumba cha maongezi kinageuka cha kulia chakula, kisha cha kulala. Kiti chenye miguu na mgongo kilitolewa kwa sababu maalumu. Maarufu kuliko vyote ni kiti cha enzi: fremu ya mpingo au mbao nyingine nyeusi iliyonyooka kama rula, mgongo mrefu, paneli zilizosukwa kwa kamba nyembamba, vipande vya pembe au mfupa vilivyopachikwa kwa nakshi, na chini kibao cha kuegesha miguu. Wataalamu wamebishania asili yake: wapo wanaoona Misri ya Wamamluki, wapo wanaoona Ureno au India, na mwanahistoria James de Vere Allen alikiandikia makala nzima pamoja na viti vingine vya Waswahili. Lisilobishaniwa ni kwamba hakikutengenezwa ili mtu ajinyooshe. Ukikikalia mgongo unasimama, mikono inalala kwenye egemeo na miguu haigusi sakafu. Mgeni mheshimiwa aliwekwa juu ya wengine na akaonekana hivyo. Kiti kiliweza kufumuliwa vipande, hivyo kuhamishwa kwake hakukuwa tabu.

Ndani kabisa, mahali ambapo mgeni wa daka asingefika, ndipo palipowekwa pambo lililogharimu kuliko mengine. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari zito la mawe na chokaa haziwezi kuvuka nafasi pana zaidi ya mita tatu hivi. Kabati kubwa lingeziba njia. Basi ukuta wenyewe ukafanywa kabati: safu juu ya safu za zidaka, vijishimo vya mstatili vilivyonakshiwa kwenye lipu, vikiwekwa Kurani, taa, vyetezo na vyombo vya kaure kutoka China. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyetafiti Lamu, alieleza kuwa vyombo hivyo havikuwa vya kutazamwa tu. Viliaminika pia kuikinga nyumba na jicho baya. Mapenzi hayo kwa kaure ni ya kale. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui yalipachikwa sahani na bakuli za China.

Unguja ya karne ya 19 ilirithi tabia hiyo ikaiongezea bidhaa za Ulaya. Salme binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 na humo akaeleza vyumba vya jumba la kifalme: shubaka za ukutani zenye rafu zilizojaa vyombo vya kaure na bilauri, vioo vikubwa, na saa nyingi. Ameeleza pia kitanda cha Kihindi kilichochongwa, kirefu kiasi kwamba kukipanda kulihitaji msaada, na uvungu wake uliweza kulaza yaya wa mtoto au mwangalizi wa mgonjwa.

Nyumba za udongo na makuti, walimoishi watu walio wengi, hazikuwa na zidaka wala mpingo, lakini baraza zilikuwa nazo. Dar es Salaam ilipopanuka, mpango huo ulienda nao Kariakoo, Ilala na Magomeni: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba sita, vitatu kila upande, ua nyuma. Wapangaji wa makabila tofauti walijuana kwenye baraza hizo kabla ya kujuana kwa majina kamili.

Sehemu kubwa ya Kariakoo sasa ni ghorofa, na duka limeshuka hadi ukingo wa barabara. Mlango ni geti la chuma la kukunja. Wazee wanaotaka kukaa hununua viti vya plastiki, wakavipanga mbele ya duka la mtu kwa makubaliano, na mwenye duka akifunga saa mbili usiku viti vinaingizwa ndani.