Adapta Inayopisha

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo uombe adapta. Muuzaji atakuuliza: ya laptopu, ya king'amuzi, au ile ya kuingizia plagi ya pini mbili kwenye soketi ya pini tatu? Neno limeshapata wenyewe. Anayetaka kifaa cha kusafirisha intaneti ndani ya nyaya za umeme za nyumba hana budi kukieleza kwa kirefu, na hata akikieleza anaweza kurudi na kisichomfaa.

Mimi yalinikuta Unguja, katika nyumba ya Mji Mkongwe yenye kuta za mawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kuketi dirishani. Ruta ilikuwa chini, na Wi-Fi yake haikupanda ghorofani. Nikanunua jozi ya adapta: moja huchomekwa karibu na ruta na kuunganishwa nayo kwa kebo, ya pili huchomekwa chumba kinachohitaji mtandao. Taa zikawaka, nikafurahi. Kisha nikaona kwamba kona ile ina soketi moja tu, adapta imeshaikalia, na ruta yenyewe haina pa kupatia umeme.

Tuanze na jina. Tafsiri ya harakaharaka ya jina la Kiingereza ni "adapta ya laini ya umeme". Lakini laini kwetu ni kadi ya simu, na ukiongeza "ya umeme" msikilizaji hutazama juu, kwenye nguzo. Kinachokusudiwa ni nyaya zilizojificha ukutani. "Kiunganishi" nacho kina wenyewe, walimu wa sarufi. Basi na tuseme "adapta ya mtandao wa nyaya za umeme". Jina ni refu, lakini linataja kazi.

Na kazi yenyewe ni hii. Umeme wa majumbani kwetu hupiga mawimbi 50 kwa sekunde. Adapta huweka juu yake mawimbi ya data yanayopiga mara mamilioni, kuanzia megahezi 2 kwenda juu. Ni kama msondo na zumari katika ngoma moja: vinasikika pamoja, na sikio halichanganyi. Kiwango cha HomePlug 1.0 cha mwaka 2001 kiliahidi megabiti 14 kwa sekunde. HomePlug AV, kilichofuata mwaka 2005, kiliahidi 200. Siku hizi maboksi huandikwa elfu na zaidi. Hizo ni hesabu za maabara. Nyumbani hupungua sana, hasa nyaya zikiwa kuukuu au soketi mbili zikiwa kwenye fezi tofauti.

Sasa tuje kwenye sifa niliyoikosa siku ile. Baadhi ya adapta zina soketi yao wenyewe usoni: unaichomeka adapta ukutani, kisha unachomeka kifaa kingine juu yake. Sifa hiyo tuiiteje? Jibu la kwanza huwa "soketi ya kupitisha". Mimi nalikataa. Kila adapta ya aina hii hupitisha: hupitisha data, na ndiyo kazi iliyonunuliwa kwayo. Neno halitenganishi iliyo nayo na isiyo nayo.

Kiswahili kina neno jingine kutoka mzizi uleule wa "pita": kupisha. Bunge hupitisha muswada; wakazi huhama kupisha ujenzi wa barabara. Kupitisha ni kukishughulikia kitu mpaka kivuke. Kupisha ni kumwachia mwenzako njia. Basi na tuseme "soketi ya kupisha", na kifaa chenyewe "adapta inayopisha".

Mtu atapinga: anayepisha huondoka, na adapta haiondoki. Si lazima aondoke. Aliyeketi barazani kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe hukunja miguu, mwenye mzigo akapita, naye akabaki palepale. Ndivyo ifanyavyo adapta hii.

Neno hili linafundisha pia utaratibu. Anayepisha ndiye aliyetangulia kukaa. Adapta ichomekwe ukutani kwanza, kisha ekstensheni ichomekwe kwenye soketi yake ya kupisha. Wengi hufanya kinyume: ekstensheni ukutani, adapta juu yake pamoja na chaja tatu. Nami siku ile nilifanya hivyohivyo, kasi ikaanguka. Chaja hutia kelele kwenye waya, na ekstensheni yenye kinga ya umeme huweza kuyameza mawimbi ya data ikidhani ni uchafu. Soketi ya kupisha kwa kawaida ina kichujio nyuma yake, kinachozuia kelele ya kifaa kilichochomekwa hapo isirudi kwenye nyaya. Inapisha umeme bila kupisha uchafu.

Dukani, basi, uliza matatu. Kwanza, ina soketi ya kupisha? Itazame kwa macho, maana adapta mbili za kampuni moja huweza kufanana kila kitu isipokuwa hicho. Pili, plagi yake ni ya wapi? Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia pini tatu za bapa za mtindo wa Uingereza. Ukitumiwa na ndugu aliyeko Ujerumani, itakuja na pini mbili za duara, na soketi yake ya kupisha itakuwa ya mtindo huohuo. Tatu, soketi hiyo inabeba ampea ngapi? Kwa plagi yetu mwisho ni 13, na birika la wati 3,000 kwenye volti 230 linazimaliza zote. Birika na pasi vibaki na soketi zao.

Hatimaye pima upana. Kwenye soketi ya plagi mbili, adapta pana huifunika na ya jirani. Hiyo, hata ikiwa na soketi usoni, imepisha mbele huku imeketi juu ya mwenzake.